Ordinatere imezeeka: tusikimbilie kuitupa



Katika nyumba nyingi za Butembo na Beni kuna ordinatere ya mezani iliyonunuliwa mkononi, imekwisha kuzeeka. Watoto wanaandika masomo juu yake, na jioni wanacheza mchezo wa mpira. Ikianza kukwama, wanatoka kwenda kucheza kwa kulipa mjini. Sisi wa Beni, hasa upande wa Mulekera, tunajua uchungu wa kungoja mtoto ambaye giza limemkuta njiani. Kwa hiyo jambo hili si la watoto peke yao.

Mama mmoja wa kikundi chetu, hapa Kimemi, alikuwa na dola 60 za mgawo wa AVEC. Kijana wake akamwambia: «Mama, tununue karte grafiki, bila hiyo mchezo hautaenda.» Lakini dada yake kijana alikuwa bado anadaiwa minervali ya sekondari. Tulimwita fundi wa jirani, akafungua masini mbele yetu.

Kwanza tuliona vumbi. Lilikuwa limeziba feni kabisa. Masini ikipata joto sana, inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Fundi alichomoa waya wa umeme, akasafisha kwa brashi laini huku akishika feni isizunguke, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Sanduku la alimentasyo hakulifungua: hata likichomolewa, umeme unaweza kubaki ndani.

Pili, disiki. Ile ya zamani inazunguka kama sahani, ndiyo maana masini ilichelewa kuwaka. Tulitia SSD ya GB 240, ambayo haina kitu kinachozunguka. Disiki ya zamani tuliiacha ndani kwa kuweka picha na filamu. Lakini tujue: SSD inaharakisha kuwasha na kufungua mchezo, haiongezi uzuri wa picha.

Tatu, RAM. Kulikuwa na GB 4, tukafikisha 8. Hapa wengi wanapoteza pesa: bareti ya DDR4 haiingii mahali pa DDR3. Unapokwenda sokoni, beba ile ya zamani mkononi.

Karte grafiki hatukununua. Masini nyingi zinazotufikia zilikuwa za ofisi: sanduku ni jembamba, na alimentasyo ni ndogo, haiwezi kubeba karte kubwa. Tulimwonyesha kijana kupunguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo wenyewe. Mpira ukaanza kutembea vizuri.

Hesabu yetu: SSD dola 25, RAM ya mkononi dola 12, brashi na dawa dola 3. Jumla dola 40. Dola 20 zilizobaki zikaenda kwenye minervali ya binti. Kijana alinuna siku mbili, kisha akasahau.

Mambo mengine ya kuangalia:

Usilipe kabla ya kujaribu. Mwenzetu wa Beni aliuziwa disiki iliyoandikwa ukubwa wa ajabu. Picha za harusi alizotia ndani zikapotea. Jaza vitu, vifungue tena, ndipo utoe pesa.

Umeme ukikatika, chomoa waya. Ukirudi kwa nguvu unaweza kuua kila kitu ulichonunua. Mwenye uwezo atafute stabilizatere kwanza.

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na masini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Linux Mint ni ya bure na inafaa kwa masomo. Lakini ulizia kwanza: baadhi ya michezo ya kushindana kwa intaneti haikubali Linux.

Mwisho, masini yenyewe tuliiweka sebuleni, si chumbani. Masomo kwanza, mchezo baadaye, na mdogo pia apewe zamu yake. Sasa jioni mama yule anasikia kelele za magoli akiwa jikoni, na hana haja ya kutuma mtu barabarani kuuliza: «Papa wangu yuko wapi?»

Mwenye ordinatere inayosumbua aje aseme kwenye mkutano wetu. Tutaifungua pamoja kabla ya kufungua mfuko.