Benchi la Gemu Nalo Lilikuwa na Mila

Mgeni akifika Chepseon, kwenye barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, huja na maswali yake tayari. Anataka kuonja mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, kuulizia wakimbiaji, kupiga picha wachumaji wa majani chai na, akipata ujasiri, kudadisi mambo ya tohara. Hayo yamekuwa yakiandikwa angalau tangu mwanaanthropolojia Peristiany alipochapisha kitabu chake kuhusu sisi Wakipsigis mwaka 1939. Koito, sherehe ya posa na mahari, bado tunafanya, mursik bado tunakunywa, yatosha. Kinachoniudhi ni ile dhana kwamba sisi tuliokua miaka ya 1990 hatukuwa na desturi yetu wenyewe, kwamba ya wazee tuliitupa na ya mjini tukaiga vibaya. Wanaosema hivyo hawakuwahi kukaa kwenye benchi la gemu.

Yale makabati marefu ya kutumbukiza sarafu, kama yale ya Street Fighter II ambayo Capcom ya Japani iliyatoa mwaka 1991, sikuwahi kuyaona kwetu. Sisi tulikuwa na chumba cha nyuma ya duka, kati ya magunia ya unga na pipa la mafuta taa: runinga ndogo, kaseti za manjano, na mashine ya bei nafuu iliyoiga ile ya Nintendo. Baadaye ikaja Sega, na mwishowe PlayStation na mpira wake. Kobole moja, shilingi 5, ilikununulia zamu.

Sheria hazikubandikwa ukutani, lakini hakuna aliyezikosea mara mbili. Aliyeshinda alibaki, aliyeshindwa aliinuka mwenyewe, bila kungoja kuambiwa. Hukugusa pedi ya mwenzako hata akiwa anaangamia, ila akuombe. Mdogo aliyefika mara ya kwanza alitazama tu siku hiyo, na mkubwa mmoja alilazimika kumweleza kitufe hiki kinaruka, hiki kinapiga. Kubwa kuliko zote ilikuwa sheria ya stima. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mvua ikianza, stima hupotea. Aliyekatizwa hakudai kobole yake. Zamu yake iliwekwa hadi kesho, na benchi zima likawa shahidi. Daftari halikuwepo, wala sikumbuki mtu aliyedhulumiwa.

Gizani mle, mvua ikigonga mabati, tulitegana tangoch, vile vitendawili tulivyofundishwa na kogo, nyanya zetu, jikoni. Kuna waliovijua vingi na walioumbuka, na aliyeumbuka kwa tangoch aliweza kulipiza kisasi stima iliporudi. Mtu akiniambia gemu ndiyo iliyoua vitendawili, huwa namuuliza yeye alitegua kimoja lini mara ya mwisho, na wapi.

Hata kobole yenyewe ilikuwa na adabu yake. Jumamosi tuliingia shambani kuchuma majani mawili na kichipukizi, tukabeba vikapu hadi kituo cha kupimia, na ujira wetu mdogo ukaishia kwenye ile runinga. Pesa ya namna hiyo uliitoa mfukoni mbele ya watu, kwa kishindo. Aliyeuza mahindi ya nyumbani kisirisiri alijulikana. Mwenye duka angeigeuzageuza sarafu ile mkononi na kumuuliza: "Wee kijana, mama yako anajua umetoa wapi hii?" Na mama angejua kabla ya jua kuzama.

Jaribu gumu lilikuja kila Januari. Desemba wavulana wakubwa walitoweka kwenda tumdo, yaani jandoni, na waliporudi walikuwa murenik, wanaume. Muren hachezi na ng'etet, mvulana ambaye bado hajaingia jandoni. Hilo kwetu halina mjadala. Basi walisimama mlangoni, mikono mfukoni, wakijifanya wametumwa sukari huku macho yakiwa kwenye skrini. Na ikiwa ng'etet wa darasa la tano alikuwa ameshika usukani wa benchi siku hiyo, aibu ya kushindwa naye ingewafuata hadi kwenye rika lao. Hakuna mzee aliyeitwa kuamua. Polepole ilizoeleka kwamba giza likiingia watoto wanafukuzwa nyumbani, na chumba kinakuwa cha murenik. Heshima ya tumdo haikuguswa, na gemu haikupotea. Wanaodai kwamba mila zetu ni ngumu kama jiwe wangeuona mlango ule saa moja jioni.

Wasichana walipita na mitungi ya maji bila kukaribishwa. Hilo silitetei.

Walimu na wahubiri walitupiga vita kwa sababu ya utoro, na kuhusu baadhi yetu hawakusema uongo. Lakini kilichotumaliza kilitoka kwingine. Mashine za kamari za sarafu zilienea madukani na vilabuni, na mwaka 2018 serikali ilipozikamata na kuzichoma, watu wengi waliitia runinga yetu na pedi zake katika kapu moja nazo. Wakati huo M-Pesa, iliyoanza 2007, ilikuwa imeshaingia kila mfuko, na SportPesa, kampuni ya kubeti kwa simu, ilikuwa imeifuata tangu 2014. Vijana hawakuhitaji tena chumba, benchi wala mwenzao.

Waliokuwa wakiomba gemu ifungwe walijibiwa. Leo wanaitisha mikutano kuhusu vijana wanaobeti usiku kucha chini ya blanketi, bonasi ya chai ya mzazi ikiisha kabla ya asubuhi. Nawahurumia, lakini nawakumbusha jambo moja: zamani zile, mama aliyemkosa mwanawe jioni alijua mlango wa kubisha, na mwenye mlango alimjua mama huyo na mwanawe kwa majina. Kampuni ya kamari haina mlango Chepseon.