Rutuba Isiyotoka Zizini Wala Kiwandani

Ukipita wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Tanzania, mvua zinapokaribia kwisha, utaona milima iliyotobolewa mashimo toka bondeni hadi karibu na kilele, safu juu ya safu. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro, kazi ya Wamatengo. Katika karne ya 19, Wangoni walipoingia kusini mwa nchi, Wamatengo walijibana kwenye miinuko hii. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na ardhi ya kuhamia haikuwapo tena. Udongo ule ule ulipaswa kulisha watu mwaka hadi mwaka bila kuteleza ukaishia mtoni. Ulifanya hivyo kwa zaidi ya karne moja, na mfumo wenyewe haukutegemea samadi wala mbolea ya viwandani.

Kazi huanza mnamo Machi. Wanaume hufyeka majani kwa nyengo, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba. Ndipo wanawake huingia na majembe. Huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafukia kwa udongo huo majani yaliyolazwa pembeni. Palipochimbwa panabaki shimo, palipofukiwa panakuwa tuta, na juu ya tuta hupandwa maharage. Mvua mpya zikianza, Novemba au Desemba, mahindi hupandwa kwenye matuta hayo hayo, na magugu ya palizi hutupwa mashimoni yaozee humo. Mahindi yakishavunwa shamba hupumzika, majani huota tena, na baadaye nyengo hurudi kazini.

Mashimo hudaka maji na udongo unaoporomoka; hilo wataalamu wameliandika sana. Mimi kinachonivutia zaidi ni mpangilio: kwa nini maharage yatangulie mahindi?

Majani makavu yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria na kuvu wanaoyaozesha wanahitaji naitrojeni ili wajenge miili yao, na wasipoipata ya kutosha ndani ya majani huinyonya kutoka kwenye udongo. Kwa hiyo shamba lililofukiwa majani makavu hupita kipindi cha njaa kabla ya kupata shibe. Panda mahindi wakati huo, nayo yatageuka manjano. Maharage yana njia nyingine ya kujilisha. Kufikia msimu wa mahindi, majani yameshaoza, vijidudu vingi vimekufa, na naitrojeni viliyoishikilia imerudi udongoni. Hakuna maabara iliyowafundisha Wamatengo jambo hili. Ni elimu kamili, na inastahili kuitwa hivyo.

Njia hiyo ya maharage ilielezwa kisayansi mwaka 1886, pale Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walipoonyesha kwamba mimea ya jamii ya mikunde hupata naitrojeni hewani kwa msaada wa viumbe wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, ila atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mmea peke yake hauwezi kuivunja. Kiwanda kinaweza: Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza uzalishaji. Lakini kinahitaji joto la nyuzi mia kadhaa, mgandamizo mkubwa na nishati nyingi, ambayo leo hutoka zaidi kwenye gesi asilia. Ndiyo maana gesi ilipopanda bei mwaka 2022, urea nayo ilipaa. Bakteria aina ya rizobia hufanya kazi hiyo hiyo kimyakimya, kwa joto la kawaida la udongo, wakilipwa sukari na mmea.

Na ng'ombe je? Tunamheshimu kama chanzo cha rutuba, lakini naitrojeni iliyomo kwenye samadi ilikuwa kwenye majani aliyokula. Ukimlisha malisho ya nje na kumwaga samadi shambani kwako, umehamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Anachokifanya kweli ni kuharakisha uozaji, na hilo si dogo. Ila mkulima asiye na ng'ombe, na wako wengi, hajanyimwa chanzo chenyewe.

Katika mkoa huo huo wa Ruvuma kuna mmea unaothibitisha hilo kuliko maharage, ambayo miongoni mwa mikunde si hodari sana wa kuvuta naitrojeni. Ni marejea. Padre Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, aliwahimiza sana wakulima kuipanda kama mbolea ya kijani. Hurefuka kupita kimo cha mtu, huchanua maua ya njano, na hupunguza minyoo fundo wanaoharibu mizizi. Magharibi mwa Kenya majani yake machanga ni mboga, mitoo. Ikikatwa inapoanza kuchanua huoza upesi. Ikiachwa ikomae, mashina huwa magumu kama kuni na faida huchelewa.

Gharama yake ni nafasi. Mwenye nusu ekari hawezi kuacha watoto walale njaa msimu mzima ili udongo ushibe. Suluhisho ni kuisia katikati ya mahindi yaliyokwisha kukua, ili iendelee kusimama baada ya mavuno. Huko Oxfordshire, Uingereza, Iain Tolhurst analima mboga za kuuza bila chochote kitokacho kwa mifugo, na yeye pia hutenga sehemu ya ardhi kwa mimea ya kurutubisha tu, akiongeza mboji ya vipande vya miti.

Tusifichane jambo moja. Fosforasi haipatikani hewani. Kila gunia linaloenda sokoni huondoka nayo, na mikunde haiwezi kuirudisha. Hata ile iliyomo kwenye mwamba wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, haikutoka hewani bali kwenye mabaki na vinyesi vya ndege wa kale. Shamba linalouza sana litahitaji siku moja kuongezewa kutoka nje, na anayemwambia mkulima vinginevyo anamdanganya.

Lakini naitrojeni, ambayo ndiyo tunayoinunua kwa wingi, iko juu ya vichwa vyetu. Maharage au kunde zako zikianza kuchanua, chimbua shina moja taratibu na upasue vinundu vya mizizi kwa kucha. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vya kijivu au kijani, hawakulishi. Na ukishavuna mahindi, usiwashe kiberiti: kaboni na naitrojeni iliyomo kwenye mabua huondoka na moshi. Yalaze, uyafukie, utangulize mikunde.