Mwili Hauizoei Sumu

Kuna kauli isikikayo mara kwa mara vinywani mwa watu wazima, wakiwemo baadhi yetu tulio walimu: ati mwili wa binadamu huzoea kila kitu. Mafundi wayeyushao betri kuukuu za magari huitamka wakicheka. Vijana wakandao zebaki kwa mikono mitupu katika machimbo ya dhahabu ya Migori nao wameirithi bila kuihoji. Kauli hii ina chembe ya ukweli, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mnamo mwaka 1957 wanasayansi Margoshes na Vallee, huko Marekani, walipata katika figo ya farasi protini ndogo yenye kadimiamu. Baadaye ikaitwa metalothionini. Ina sehemu 20 zenye salfa, na kwa vile metali nzito huipenda salfa mno, molekuli moja yaweza kunasa atomi 7 za kadimiamu kama ndege kwenye ulimbo.

Lakini seli hujuaje kwamba adui ameingia? Hapa ndipo penye ajabu. Kadimiamu huja imejifananisha na zinki, chuma au kalsiamu, ikapita milango iliyowekewa madini hayo yenye manufaa. Ikisha kuingia, huifukuza zinki mahali pake. Zinki hiyo iliyofukuzwa ndiyo ipigayo mbiu: hushikamana na protini iitwayo MTF-1, nayo huingia katika kiini cha seli na kuziamsha jeni zitengenezazo metalothionini zaidi. Kwa hiyo mgeni hatambuliwi kwa sura yake, bali kwa kilio cha mwenyeji aliyeporwa kiti.

Bakteria, viumbe tuwadharauo, wametupita katika jambo hili. Baadhi yao wana protini iitwayo MerR ambayo hukaa juu ya DNA ikingoja. Zebaki ikiigusa, DNA hupindika, jeni zikafunguka, na kimeng'enya kikaigeuza zebaki kuwa mvuke utokao nje ya seli. (Mvuke huo, bila shaka, huenda kwa jirani.) Mimea nayo huifunga kadimiamu na kuitia ndani ya vakuoli.

Sasa turudi kwenye ile kauli yetu. Metalothionini haiiharibu kadimiamu, huifunga tu. Sumu hubakia figoni, na huchukua miaka 10 hadi 30 kabla ya nusu yake kutoka. Wakati huo wote mtu huonekana mzima. Je, huko ndiko kuzoea? Ni sawa na mtu aliyemfungia nyoka kabatini, kisha akajisifu kwamba nyumba yake haina nyoka.

Risasi ni mbaya zaidi, kwani metalothionini haituauni sana dhidi yake. Huigiza kalsiamu na kujificha mifupani kwa miongo. Huing'oa zinki katika kimeng'enya kihitajikacho kutengeneza damu. Kwa mtoto, ambaye ubongo wake ungali unajengwa, Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango chochote kijulikanacho kuwa salama.

Naona tunakosea darasani. Tunamchorea mwanafunzi seli kama yai lililokatwa, tukamtaka ataje sehemu zake, naye akazitaja, akapata alama zake na kuzisahau. Kwa nini tusimwulize ni vipi mtoto wa Owino Uhuru, Mombasa, aliyekuwa akicheza na kula kama wenzake, alipatikana na risasi damuni? Swali hilo lingemlazimu kuipitia seli nzima, kuanzia utando hadi kiini, na angejua pia kwa nini kutoumwa leo si ushahidi wa usalama.

Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa mtaani humo kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya wakazi kupiga kelele wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulibatilishwa katika rufani, ukarejeshwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Watoto wa wakati ule sasa ni vijana, na risasi iliyojificha mifupani mwao haingoji hukumu ya mahakama yoyote.