Kituo cha Zimamoto Kilichokosa Mwokozi

Mwaka 2016 tulifika katika jiji la Manchester, Uingereza, tukiwa na kamera moja na hamu ya kuliona jumba ambalo kwa miaka 80 lilikesha kwa ajili ya wengine. Hilo ni jumba la zimamoto la London Road, lililofunguliwa Septemba 1906 karibu na stesheni ya reli iitwayo Piccadilly.

Msomaji asidhani kwamba lilikuwa banda la kuwekea magari tu. Ni jumba kubwa la matofali mekundu, lililojengwa kuuzunguka ua. Humo mlikuwamo pia kituo cha polisi, kituo cha magari ya wagonjwa, benki na mahakama ya kuchunguzia vifo. Askari wa zimamoto waliishi humo humo pamoja na wake zao na watoto wao. Na farasi waliovuta pampu za maji, kabla ya kuja kwa magari, nao walikuwa na mazizi yao hapo. Waliolijenga walifahamu kwamba moto haumngojei mtu atoke mtaa wa pili.

Tuliingia kwa ruhusa. Tulipiga picha za rangi iliyobanduka kutani, ngazi zilizochafuliwa na njiwa, na milango mipana ambayo zamani ilifunguliwa kwa haraka. Tulipofika uani tulitazama juu, kwenye makazi ya familia. Tulifikiri jinsi kengele ilivyolia na baba akaacha chakula mezani, mkewe akabaki kusikiliza kama atarudi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Desemba 1940 ndege za Ujerumani zililipiga jiji hilo kwa mabomu usiku wa siku mbili mfululizo, na waliopaswa kuufuata moto walikuwa askari kama hao. Hayo kamera yetu haikuweza kuyapiga picha.

Kituo kilifungwa mwaka 1986, jumba likanunuliwa ili ligeuzwe hoteli. Hoteli haikujengwa. Tangu mwaka 1974 jumba lilikuwa limehifadhiwa kisheria kwa sababu ya historia yake. Hata hivyo, mwaka 2001 liliingizwa katika orodha ya majengo yaliyo hatarini. Halmashauri ya jiji ilijaribu kulitwaa kwa nguvu ya sheria, ikashindwa mwaka 2011. Mwaka 2015 ndipo lilipouzwa kwa wamiliki wengine walioahidi kulifufua.

Hapo ndipo penye funzo. Sheria ilizuia nyundo, lakini haikuzuia mvua. Jumba lililoitikia mayowe ya jiji zima lilikaa karibu miaka 30 bila wa kuitikia la kwake.

Sisi nasi tunayo majengo ya kale katika miji yetu, nayo hayahitaji kupigwa picha tu. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.