Riwaya "Congo": madini yetu yamo, lakini mhusika mkuu hagusi moyo

KIAMBI, Tanganyika – Mkaaji wa Kiambi, kando ya mto Luvua, akisoma riwaya ya kisayansi "Congo" ya Mmarekani Michael Crichton, atatambua haraka kinachosimuliwa. Wageni wanafika na mashine zao, wanatafuta jiwe la thamani, wanakimbizana na washindani. Jirani kwake, Manono, bati lilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na leo dunia nzima inaulizia litiamu yake.

Kitabu kilitoka mwaka 1980. Kinaeleza kampuni moja ya Houston inayotafuta almasi za buluu katika milima ya Virunga, ili zitengeneze kompyuta za kasi. Hapo Crichton aliona mbali. Kabla simu za mkononi hazijaifanya koltani ya mashariki mwa Kongo ijulikane kila mahali, alikwisha kuandika kwamba mashindano ya kompyuta yangeletwa hadi kwenye udongo wetu.

Kinachovunja moyo ni mhusika mkuu. Karen Ross ana miaka 24 na ni hodari wa hesabu. Wenzake wa safari ya kwanza wanauawa kambini, naye anaona maafa hayo kwa video iliyopitia satelaiti. Msomaji anangoja kilio, lakini mara moja hesabu za safari ya pili zinaanza. Hata mwishoni, baruti anazolipua ili kupima ardhi zinaamsha volkeno. Ni vigumu kumwonea huruma mtu asiyeonekana kuumia.

Anayebaki akilini ni Amy, sokwe aliyefundishwa ishara 620. Amy anaogopa ndoto zake, anaona wivu, anataka kubembelezwa. Mnyama amepewa roho kuliko watu.

Wenyeji ndio walipata kidogo zaidi. Wabeba mizigo wa msafara ni Wakikuyu kutoka Kenya. Wakongomani wanapita kama wanajeshi, Wambuti wa msituni, au kabila la kubuni la walaji watu. Hakuna mama anayeuliza mashimo yatamwachia nini mtoto wake.

Mwandishi wa Kongo, In Koli Jean Bofane, alionyesha njia nyingine mwaka 2014 katika "Congo Inc.". Kijana wake Isookanga anaacha kijiji na kwenda Kinshasa, kichwa kimejaa mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji wanapigania madini. Ana tamaa na anakosea, lakini msomaji anamcheka, anamkasirikia, na anataka kujua atafika wapi.

Tofauti hiyo ina maana kwa Kiambi na Manono. Mwandishi akijua bei ya jiwe bila kumjua anayeishi juu yake, msomaji wa mbali naye atajifunza kuona jiwe tu. Vijana wa Tanganyika wanaopenda kuandika wana kazi inayowangoja.