Mary Twala: bibi wa pembeni aliyepewa filamu nzima akikaribia miaka 80

Mama mzee ameketi ndani ya nyumba yake, milimani Lesotho. Redio iko karibu, inasoma matangazo ya vifo: fulani amefariki, mazishi ni siku fulani, jamaa wa mahali fulani wanaombwa kufika. Mama anasikiliza bila kusogea. Jina lake ni Mantoa. Alikwisha kumzika mume, binti na mjukuu. Sasa mtoto wa mwisho aliyemngojea arudi kwa Noeli kutoka migodi ya Afrika ya Kusini, naye amekufa huko.

Hapa kwetu, mtu yeyote aliyekulia karibu na redio ya Goma, Bukavu ao Uvira anaijua sauti hiyo ya matangazo, na anajua namna nyumba nzima inavyonyamaza inaposomwa. Filamu hiyo inaitwa This Is Not a Burial, It's a Resurrection, maana yake: haya si mazishi, ni ufufuo. Ni ya mwongozaji Lemohang Jeremiah Mosese, mzaliwa wa Lesotho, na ilionyeshwa mara ya kwanza Venice, Italia, mwaka wa 2019. Mantoa aliigizwa na Mary Twala wa Afrika ya Kusini, ambaye wakati huo alikuwa anakaribia miaka 80.

Watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani walidhani wamegundua mtu mpya. Lakini Waafrika ya Kusini walimjua zamani. Kwa miaka mingi walikuwa wamemwona, mara nyingi kwa dakika chache tu: bibi wa fulani, jirani, mama mzee anayekaa pembeni na kusema neno moja linalochekesha ukumbi mzima. Ni mwigizaji wa aina ile ambayo watu wanaikumbuka sura kabla ya kukumbuka jina.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Jibu moja liko katika historia ya inchi yake. Mary Twala alizaliwa tarehe 14 Septemba 1939. Alipokuwa na miaka 8, chama cha ubaguzi wa rangi kilishika serikali. Alipokuwa msichana akitafuta kazi ya usanii, Afrika ya Kusini haikuwa na televisheni hata moja. Watawala waliiogopa. Televisheni ilianza rasmi Januari 1976, na mwanzoni ilizungumza Kiingereza na Kiafrikana tu. Chaneli za lugha za Waafrika weusi zilianza mwaka wa 1982. Fanya hesabu: mwanamke huyu alikuwa na miaka 42 siku televisheni ya inchi yake ilipoanza kuzungumza lugha za watu wake.

Kabla ya hapo, mahali pa mwigizaji mweusi palikuwa teatri ya mitaani, na jina kubwa la teatri hiyo lilikuwa Gibson Kente. Tangu miaka ya 1960, Kente alitunga michezo yenye nyimbo na dansi, akaizungusha kutoka mtaa hadi mtaa. Wasanii walipanda basi, wakafika jioni, wakacheza katika kumbi za mitaa ambazo hazikujengwa kwa ajili ya teatri, kesho yake wakaendelea na safari. Mwigizaji alipaswa kuimba, kucheza, kuchekesha na kuliza watu katika usiku mmoja, na sauti yake ifike nyuma bila mikrofoni. Serikali ilipiga marufuku baadhi ya michezo yake, na mwaka wa 1976 Kente mwenyewe alitiwa gerezani alipokuwa akipiga filamu. Hayo ndiyo mazingira yaliyowalea waigizaji wa kizazi cha Mama Twala. Mume wake, Ndaba Mhlongo, naye alikuwa mwigizaji. Mtoto wao Somizi ni mcheza dansi na mtu maarufu wa televisheni huko kwao.

Mwaka wa 1992 ilitoka filamu Sarafina!, juu ya wanafunzi wa Soweto. Wengi wetu tunaikumbuka kwa sababu ya Leleti Khumalo, Whoopi Goldberg na Miriam Makeba. Mary Twala yumo pia, katika nafasi ndogo. Baadaye alichekesha watu katika Skwizas, mchezo wa televisheni juu ya wanawake wazee. Kadiri alivyozeeka, ndivyo mlango mmoja ulivyobaki wazi kwake: mlango wa bibi.

Watu wengi huona nafasi hiyo kuwa rahisi. Mvalishe mama mzee kitambaa, mpe kiti na fimbo, kazi imekwisha. Hata katika vikundi vya teatri vya miji yetu, ni kawaida kumwona msichana wa miaka 20 akijipaka unga kichwani, akiinamisha mgongo na kutetemesha sauti ili awe koko. Watu wanacheka, lakini hakuna anayeamini.

Mosese alifanya kinyume. Alimchukua mwanamke mzee kweli, akamweka katikati ya picha, akaiacha kamera imtazame kwa muda mrefu. Twala hatetemeshi sauti. Mara nyingi hasemi kitu. Kuna picha moja ambayo kila aliyeona filamu hiyo anaitaja: nyumba ya Mantoa imeungua usiku, na asubuhi ameketi juu ya kitanda chake katikati ya majivu, kondoo wamemzunguka. Halii. Uso wake unatosha. Ni uso wa mtu aliyejifunza kwa miaka mingi kusema mambo mengi katika dakika chache, na safari hii amepewa saa mbili.

Na kisa chenyewe kinahusu nini? Mantoa amechoka kuishi. Anataka kitu kimoja tu: azikwe kijijini, karibu na watu wake. Anatafuta hata mtu wa kumchimbia kaburi. Ndipo habari inafika: litajengwa bwawa, kijiji kitafunikwa na maji, pamoja na makaburi. Watu wahame. Mwanamke aliyekuwa akingoja kifo anapata sababu ya kusimama, na anaanza kuwaamsha wanakijiji wapinge.

Kijiji cha filamu ni cha kubuni, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Mwaka wa 1986 Lesotho na Afrika ya Kusini zilitia sahihi mkataba wa maji ya milimani. Bwawa la Katse, lenye ukuta wa urefu wa mita 185, lilizinduliwa mwaka wa 1998. Maji yake yanapita katika mifereji ya chini ya ardhi hadi jimbo la Gauteng, kwenye viwanda na nyumba za Johannesburg na Soweto. Lesotho inalipwa kwa maji hayo. Lakini kuna familia zilizohamishwa, na makaburi yaliyofukuliwa na kupelekwa kwingine.

Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa zaidi. Kuna waliopoteza nyumba chini ya lava ya Nyiragongo mwaka wa 2002 na tena mwaka wa 2021. Kuna wahami kutoka Masisi na Rutshuru waliozika wazazi wao karibu na kambi, katika udongo wasioujua, wakisema watawarudisha siku moja. Mantoa anasema lugha ya Kisotho, lakini swali lake ni la kwetu: mtu akiondolewa mahali walipolala watu wake, nani atawaangalia?

Mwanzoni mwa 2020 filamu hiyo ilipata tuzo maalum ya majaji katika tamasha la Sundance, Marekani. Baadaye ikawa filamu ya kwanza kabisa kupelekwa na Lesotho katika mashindano ya Oscar. Mama Twala hakufikia siku hiyo. Alifariki tarehe 4 Julai 2020, Johannesburg, akiwa na miaka 80. Wiki chache baadaye, tarehe 31 Julai, dunia ilimwona tena katika Black Is King ya Beyoncé, katika nafasi fupi ya mama mzee. Wengi waliomtazama hawakujua kwamba amekwisha kuzikwa.

Ilikuwa ni wakati wa corona. Sheria ya Afrika ya Kusini iliruhusu watu 50 tu katika mazishi yoyote. Mwanamke aliyeigiza mjane anayedai haki ya kuzikwa kati ya watu wake, aliaga dunia katika miezi ambayo familia zilipaswa kuchagua nani afike kaburini na nani abaki nyumbani na redio.

Katika miji yetu pia wako waigizaji wazee waliocheza miaka mingi katika kumbi za parokia na redioni, na wanaitwa leo tu pale anapohitajika koko wa dakika mbili. Mosese alimpa mmoja wao filamu nzima, naye akaibeba mpaka mwisho. Kwetu, bado wengine wapo. Wakati wa kuwaita ni sasa, wangali hai.