Antena ya Redio ya Gari: Mfanyakazi Asikatwe Mshahara kwa Kosa la Fimbo

Katika ukurasa huu tumezungumza mara nyingi juu ya glavu, buti na maji ya kunywa shambani. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa chombo cha kazi, yaani antena ya redio ya gari, au eriali kama wengine wanavyoiita. Nimeona kwa macho yangu jinsi antena mbaya inavyoweza kumpunguzia mtu mshahara.

Dereva mmoja, mwanachama wetu, alikuwa akipeleka mahindi kutoka ghala moja la Kanengo, Lilongwe, hadi soko la Dzaleka, wilayani Dowa. Lori lake lina redio ya kusikiliza tu, ile inayopekua masafa moja baada ya jingine: masafa ya ofisi, masafa ya wapakiaji wa ghalani na stesheni za FM. Dereva akisikia wito wa ofisi, hutafuta simu. Fimbo ya zamani ilipovunjika, ofisi ilinunua nyingine fupi sokoni, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inafaa kwa bendi zote. Ikafungwa chini, nyuma ya kichwa cha lori, pembeni mwa bodi ya chuma. Jioni moja ofisi ilimwita mara nne akiwa Dzaleka. Hakupiga simu. Kesho yake akapewa barua ya kukaidi wito na kukatwa mshahara wa siku tatu.

Alipokuja kwangu sikujua lolote juu ya antena. Nilikwenda Dzaleka kumwuliza fundi mmoja wa redio, Mkongomani, aliyekuwa na kibanda chake mjini Lilongwe mpaka mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini. Aliyonifundisha ndiyo haya ninayowaandikia.

1. Anza na unachotaka kusikia

Fundi aliniuliza swali moja kabla ya yote: "Mnataka kusikia nini?" Hakuna antena inayosikia kila kitu sawasawa. Boksi likisema bendi zote, maana yake mara nyingi ni kwamba inasikia vyote kidogo kidogo. Kwa hiyo andika kwanza masafa unayoyahitaji kweli. Kwa lori letu yalikuwa matatu: ofisi karibu na megahezi 150, wapakiaji karibu na megahezi 450, na FM karibu na megahezi 100.

2. Urefu wa fimbo

Wazee wanakumbuka watangazaji wakisema, "katika masafa mafupi, mita bendi 31." Hizo mita ni urefu wa wimbi lenyewe. Kila wimbi la redio lina urefu wake, na fimbo ya gari hulipokea vizuri ikiwa na urefu wa robo ya wimbi hilo. Hesabu yake ni ya darasa la tano: chukua 75, gawanya kwa megahezi, utapata urefu wa fimbo kwa mita.

Kwa FM ya megahezi 100, fimbo ni sentimita 75. Kwa megahezi 150, sentimita 50. Kwa megahezi 450, karibu sentimita 17.

Hapa ndipo penye faida. Fimbo ya sentimita 50 iliyokatwa kwa 150 hufanya kazi pia kwa 450, kwa sababu 450 ni 150 mara tatu. Haisikii huko vizuri kama ile ya sentimita 17, maana nguvu yake nyingi huelekea juu, lakini kwa wapakiaji walio karibu inatosha. FM nayo itasikika, kwa kuwa mitambo ya FM ina nguvu kubwa. Basi fimbo moja ya kawaida, isiyo na urembo wowote, inaweza kutimiza haja zote tatu.

Zipo fimbo fupi zenye koili ndani. Koili huifanya fimbo fupi ijione kama ndefu, lakini hainasi mawimbi mengi kama fimbo kamili. Kwa stesheni za masafa mafupi fimbo yoyote ya gari ni fupi mno. Robo ya mita 31 ni karibu mita 8. Huko nyumbani ni heri utandaze waya mrefu hadi kwenye mti, mbali na nyaya za umeme, na uuchomoe radi inapoanza.

3. Mahali pa kuifunga

Fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Ndiyo maana mahali bora ni katikati ya paa la chuma, bati likiizunguka pande zote. Ukiifunga chini nyuma ya bodi, ile bodi inakuwa ukuta. Antena ya kitako cha sumaku ni rahisi kuhamisha, lakini sumaku haishiki alumini wala plastiki. Paa la namna hiyo linahitaji kipande cha bati la chuma chini yake.

4. Kebo

Kebo ndefu inakula mawimbi, na kadiri megahezi zinavyopanda ndivyo inavyokula zaidi. Mita 5 za kebo nyembamba ya RG-58 hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu kwenye megahezi 450. Tumia kebo fupi iwezekanavyo, na tazama plagi kama ina kutu au maji. Kebo ya televisheni si kosa kubwa kwa redio ya kusikiliza tu. Kwa redio inayorusha sauti ni jambo jingine: kebo na urefu visipolingana na mtambo, nguvu hurudi nyuma na inaweza kuunguza redio.

5. Umbali

Hili ndilo lililomwokoa mwenzetu. Mawimbi ya namna hii husafiri karibu sawa na macho yanavyoona, wala hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, kisha jumlisha. Utapata kilomita ambazo redio zinaweza kufikiana penye tambarare.

Antena ya ofisi ilikuwa mita 9 kutoka ardhini. Kipeuo cha 9 ni 3, mara 4 ni kilomita 12. Fimbo ya lori, pale chini ilipofungwa, ilikuwa mita 1, yaani kilomita 4. Jumla ni 16. Juu ya paa, kwenye kimo cha mita 4, lori lingeongeza kilomita 8, jumla 20. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe ni kiasi cha kilomita 40 kwa barabara, na hata ukienda moja kwa moja kama ndege, Kanengo bado iko mbali kuliko kilomita 20. Tena kuna vilima vya Dowa. Kwa hiyo akiwa Dzaleka, dereva yule asingeweza kusikia hata kwa fimbo nzuri.

Tulivyofanya

Tuliomba uongozi ufanye jaribio pamoja nasi. Kwa fimbo fupi, lori likirudi Lilongwe, sauti ya ofisi ilianza kusikika lilipofika Lumbadzi. Kwa fimbo ya sentimita 50 katikati ya paa, ilisikika kilomita kadhaa kabla ya hapo. Dzaleka kwenyewe, kimya kwa zote mbili. Meneja alisikia kwa masikio yake. Barua ikafutwa na mshahara wa siku mbili ukarudishwa. Siku ya tatu bado tunaidai.

Kwa hiyo, ndugu, mkikabidhiwa redio kazini, ombeni mambo matatu yaandikwe: masafa mnayotakiwa kusikiliza, antena iliyofungwa na mahali ilipofungwa, na mpaka wa barabara ambao wito unasikika kwa majaribio. Nje ya mpaka huo ofisi itafute njia nyingine ya kuwaita.

Na onyo moja. Kusikiliza na kurusha ni mambo mawili. Katika Malawi leseni za kurusha hutolewa na MACRA, kwa hiyo asiye na leseni asiguse kitufe cha kusema. Na ukipata kwa bahati mazungumzo yasiyokuhusu, yapite, usiyapeleke sokoni.

Rula ya sentimita 50 na kalamu vinatosha kuanza. Kapimeni fimbo za magari yenu wiki hii, mlete vipimo kwenye mkutano wa tawi.